Mkalimani Asiyejua Hodi

Kuna watu ukiwaambia wanyamaze wananyamaza, na kuna Hyasinta Chilumba. Huyu mwanamke, mzaliwa wa Ndanda, mpangaji wa Mtaa wa Narung'ombe hapo Kariakoo, alikuwa mpiga teleprinta wa Shirika la Maghala ya Mazao, lililokuwa na ofisi yake Gerezani, kwenye jengo lililobanana na karakana za reli. Sisemi alikuwa malaika. Mdomo alikuwa nao, hasira zake zilikuwa za karibu, na kwenye foleni ya sukari hakukubali mtu apenye mbele yake, hata angekuwa mjumbe wa nyumba kumi mwenyewe. Lakini kazi aliijua, na watu aliwajua kuliko kazi.

Enzi hizo Azimio lilikuwa bado linaimbwa kwa sauti ya juu, na Mwongozo ulikuwa umeshatoka, ule uliowapa wafanyakazi moyo wa kumtazama meneja usoni. Habari zote za maghala ya kusini zilikuja Dar kwa waya. Kwa asiyeijua teleprinta, ichukulie kama taipureta mbili zilizofungwa kwenye waya mmoja mrefu. Unapiga herufi Nachingwea, inajipiga yenyewe Gerezani. Ghala lina magunia mangapi, lori gani limeharibika, mvua imevujia wapi, yote yalipita mikononi mwa Hyasinta na mwenzake Paskalina, msichana mpole aliyekaa mashine ya pili, mtu wa kuogopa hata kikohozi cha meneja.

Huko Nachingwea alikuwapo Mzee Bakili. Hyasinta hakuwahi kumwona kwa macho, lakini miaka yote aliyofanya kazi pale alimjua kuliko alivyowajua wapangaji wenzake. Kila asubuhi, kabla ya gunia wala lori, mashine ilikuwa inaanza kugonga: "HODI DAR." Naye Hyasinta anajibu: "KARIBU NACHINGWEA. SHIKAMOO MZEE." "MARAHABA BINTI. MMEAMKAJE HUKO." Hapo watasemeana habari za mvua, goti la mzee, nani kafariki, nani kajifungua. Wakishamaliza, mzee anasogeza karatasi mstari mmoja chini na kuanza kazi, na kazi yake ilikuwa safi, huoni kosa.

Mama yake Hyasinta alipougua kule Ndanda, mzee huyu ndiye aliyekuwa akiwauliza madereva na kumletea habari kila siku. Na mama alipofariki, mzee hakumtupia habari kama mtu anayetupa kuni. Alimuuliza kwanza, "UMEKETI BINTI?" Akamuuliza, "YUPO MTU KARIBU NAWE?" Hyasinta akampa mkono Paskalina aushike, ndipo akajibu kwamba yupo. Tangu siku ile mzee asiyemjua hata sura akawa baba yake, na asitokee mtu wa kumwambia vinginevyo.

Basi bwana, akaja meneja mpya, Ndugu Tarsis, mtu wa Songea, kijana aliyesoma Ulaya. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: alipofika yeye magunia yaliacha kupotea na malori yakaanza kuondoka asubuhi badala ya alasiri. Tatizo lake alirudi na haraka, na haraka ile ilikuwa kama homa, haimwachii. Hakusalimia mtu ngazini. Ukimwambia habari za asubuhi anakwambia faili liko wapi.

Ndugu Tarsis akaagiza mashine mpya. Sasa, teleprinta za kuukuu huko mikoani zilisema kwa matundu matano, yaani kila herufi ilikuwa mpangilio wake wa matundu matano kwenye utepe wa karatasi. Mashine mpya ilisema kwa matundu manane, tena kwa kasi ya ajabu. Ukiziunganisha hivi hivi ni Mmakonde na Mchina, kila mmoja anasema lake. Ndiyo maana likaja pia sanduku la kukaa katikati, linalopokea matano na kutoa manane, na kupokea manane na kutoa matano. Sanduku lenyewe lilikuwa la chuma, kijivu, kimo cha kabati la vyombo, linanguruma mchana kutwa. Wafanyakazi wakalibatiza Mkalimani.

Ubavuni Mkalimani alikuwa na ubao wenye matundu, na matundu hayo yalichomekwa pini za shaba. Kila pini ilikuwa tabia. Hii inamwambia asome kwa kasi gani, ile inamwambia ujumbe unaanzia wapi, nyingine afanye nini akikutana na asiloelewa. Fundi wa kumpanga alikuwa Ravindra Vallabhdas, Mhindi wa Kisutu aliyezaliwa hapo hapo, Kiswahili chake cha Kariakoo kabisa, mtu makini na kazi yake. Alizichomeka pini zote kama meneja alivyotaka, na Mkalimani akafanya kazi vizuri sana. Ukaenda waraka mikoani: kila ujumbe uanze na herufi ZCZC, ifuate anwani, uishe na NNNN, na ndani ya ujumbe pasiwe na neno lisilo la kazi.

Lindi ikasikika. Mtwara ikasikika. Masasi ikasikika. Nachingwea ikawa kimya.

Siku ya kwanza Hyasinta alidhani waya umekatika. Fundi wa waya akasema waya mzima. Akapeleka ujumbe: "NACHINGWEA MBONA KIMYA." Hakikurudi kitu. Akapeleka tena kesho yake, na keshokutwa. Simu ya boma la Nachingwea ilikuwa imekufa tangu masika, hata kupiga huwezi. Wiki zikapita hivyo. Halafu ikaja habari kwa njia ya Mtwara kwamba mahindi ya Nachingwea yamelowa nje ya ghala, maturubai hayakufika, na hakuna aliyepeleka maturubai kwa sababu hakuna aliyesikia yakiombwa. Chakula cha watu, mwaka wa njaa, kimeota mimea kwenye magunia.

Ndugu Tarsis akamwita Hyasinta ofisini.

"Bakili amelala kazini," alisema, hata kiti hakumpa. "Au analewa, sijui. Ijumaa kamati ya nidhamu inakaa, na nimemwita aje. Kazi yake imekwisha, na nyumba ya shirika ataihama. Wewe ndiye uliyekuwa unapokea. Utaulizwa swali moja tu: ulipata ujumbe kutoka Nachingwea, au hukupata?"

"Mzee Bakili halewi. Ni mtu wa sala tano."

"Sikuuliza dini yake. Ulipata au hukupata?"

Hyasinta akaangalia sakafu. Hakupata. Huo ndio ukweli, na ukweli huo huo ungemtoa mzee wa watu kwenye nyumba yake, uzeeni, na jina la mvivu mgongoni.

"Nimemsikia mtu huyu kila asubuhi kwa miaka," alisema. "Hajawahi kukosa hata siku mke wake alipozikwa. Kama hasikiki, kuna kitu."

"Ijumaa," meneja alisema, na macho yake yakarudi kwenye makaratasi.

Hyasinta alitoka mle ofisini kwa hasira. Alimwambia Paskalina kwamba hatasema neno "sikupata" likasimama peke yake, potelea mbali. Paskalina akamsihi apunguze sauti, mlango uko wazi.

Siku ile ile aliingia Nassibu, dereva wa lori la shirika, vumbi la barabara ya Nangurukuru kichwani, kaleta korosho kutoka Nachingwea. Alipita chumba cha mashine kama kawaida yake kuwafikishia watu salamu zao.

"Dada Hyasinta, Mzee Bakili anakusalimu. Tena kaniambia nikuulize, kakukosea nini?"

"Mimi? Anikosee nini?"

"Yeye ndiye anauliza. Anasema kila asubuhi anabisha hodi, humwitikii. Halafu mwenyewe unamuuliza mbona kimya. Mzee kaumia. Anasema binti kapata ukubwa, siku hizi hajibu salamu."

"Umemwona anapiga?"

"Nimemwona kwa macho yangu mawili. Kaketi pale na miwani yake, anabisha hodi, anasubiri, anabisha, anasubiri. Mwisho anapiga habari zake za maghala anafunga. Nikamwambia labda mashine mbovu, akasema mashine haina kiburi, mtu ndiye mwenye kiburi."

Neno hilo lilimchoma Hyasinta hapa, nakwambia. Kuambiwa ana kiburi na mtu aliyesimama naye msibani. Lakini katikati ya uchungu akili ikamzunguka. Kama mzee anapiga, na waya ni mzima, basi kuna anayekula njiani. Na njiani alikuwapo mmoja tu.

Akaenda moja kwa moja kwa Ravindra. Alimkuta nyuma ya Mkalimani, chai ya maziwa mkononi.

"Bwana Ravi, hili dude lako linakula watu."

"Hata habari za asubuhi leo hakuna?"

"Habari mbaya. Nijibu hivi: mtu akianza kwa hodi, linafanya nini?"

Ravindra aliweka kikombe chini. "Linatafuta ZCZC. Lisipoikuta mwanzo kabisa, linahesabu hiyo ni kelele ya waya. Linatupa."

"Linaitupa hodi."

"Linatupa vyote, mpaka likute NNNN. Ndivyo nilivyoambiwa nilipange."

"Na ujumbe uliofuata nyuma ya hodi?"

"Umo humo. Unatupwa pamoja nayo." Akageuka akamtazama. "Nachingwea?"

"Nachingwea."

Sasa msikilize. Mzee Bakili waraka aliusoma, na aliutii neno kwa neno. ZCZC alipiga, anwani alipiga, NNNN alipiga, kila kitu mahali pake. Lakini waraka ulisema habari ya ujumbe, na ujumbe haujaanza mpaka umeshaingia ndani, na ndani kwa watu huingii bila hodi. Kwake yeye salamu haikuwa maneno ya ziada ndani ya ujumbe. Salamu ilikuwa mlango. Vijana wa Lindi na Mtwara waliupita mlango ule kwa shingo upande kwa sababu waliogopa. Mzee Bakili hata hakujua kwamba pana cha kuogopa. Na maturubai aliyaomba, asubuhi baada ya asubuhi, na Mkalimani akayatupa pamoja na shikamoo na marahaba.

"Linaweza kufundishwa adabu?" Hyasinta aliuliza.

"Kuna pini ya mwanzo. Ukiihamisha tundu la pili, litaruka kila kitu mpaka likute ZCZC, halafu ndipo lianze kusoma. Ujumbe utafika."

"Na hodi yenyewe?"

"Hiyo litairuka. Haitachapwa."

"Kwa hiyo mzee atabisha, nyumba ina watu, na watu hawamsikii."

"Dada, ujumbe utafika. Si ndiyo kazi?"

"Hapana, Bwana Ravi. Mtu mzima hawezi kusimama mlangoni anabisha, sisi tukamnyang'anya mzigo dirishani tukafunga. Hakuna pini nyingine?"

Ravindra akauangalia ubao kama mtu anayetamani asingekuwa anajua. "Ipo. Pini ya asiloelewa. Badala ya kutupa, linachapa hivyo hivyo lilivyosikia. Lakini karatasi zitajaa uchafu. Radi ikipiga Lindi, na radi itachapwa."

"Ichapwe."

"Meneja amekataza pini kuguswa bila yeye." Sauti yake ikashuka. "Wewe ukikosea utapewa onyo. Mimi nikikosea nitaambiwa nirudi kwetu. Na kwetu ni Kisutu. Nikitolewa hapo, nakwenda wapi?"

Hyasinta alishayasikia kwa masikio yake maneno ya namna hiyo, tena kantini, tena kutoka kwa watu wanaojiita wajamaa. Akanyoosha mkono.

"Nionyeshe matundu. Nitachomeka mimi. Ukiulizwa, sema ulikuwa unakunywa chai."

"Kweli nilikuwa nakunywa chai."

"Basi kunywa."

Akamwonyesha. Hyasinta akachomoa pini ya kwanza, akaichomeka, akachomoa ya pili, akaichomeka. Kwenye pembe ya chumba ilibaki teleprinta moja ya kuukuu, ya kujaribia; akaketi hapo akapiga "HODI", halafu ujumbe wa uongo wenye ZCZC yake. Ng'ambo ya chumba mashine mpya ikagonga ikatoa vyote, hodi juu, ujumbe chini. Hapo tena maji ameyavulia nguo, hana budi kuyaoga.

Ijumaa ikafika. Kamati ilikaa kantini saa nne asubuhi, maharage yanachemka nyuma yao. Mwenyekiti wa wafanyakazi alikuwa Mama Severa, mshona magunia, mwanamke mwenye vidole vigumu kama kamba za katani, asiyeongea ovyo. Wafanyakazi wengine walisimama kandokando ya ukuta. Ravindra alisimama karibu na mlango. Na kwenye benchi, peke yake, aliketi mzee mdogo wa umbo, koti la kaki limepigwa pasi, baraghashia mapajani, uso wa mtu aliyesafiri siku nyingi kuja kuhukumiwa.

Hyasinta alikuwa miaka yote akimfikiria mtu mkubwa. Akaenda mbele yake akapiga magoti kidogo.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Ni wewe?"

"Ni mimi. Salamu zako zilikuwa hazinifikii, baba. Walahi hazikufika. Sikukunyima."

Mzee akamtazama juu hadi chini. "Nilidhani u mnene," akasema, na Hyasinta akajikuta anacheka huku machozi yanamlengalenga.

Ndugu Tarsis akaingia na mafaili, akaketi, akaanza hapo hapo. Hakusema habari zenu. Hakumtazama mzee. Alieleza mahindi yaliyooza, alieleza maturubai, na kweli ilikuwa inauma, watu walisikiliza kwa huzuni. Kisha akageuka.

"Ndugu Hyasinta. Ulipata ujumbe kutoka Nachingwea katika muda huo, au hukupata?"

"Sikupata."

"Asante. Kaa."

"Sikai. Sijamaliza."

"Umeulizwa swali moja."

"Na mimi nina majibu mawili. Sikupata kwa sababu Mkalimani alikuwa anatupa. Mzee alikuwa anapiga kila siku, anaomba maturubai kila siku, ila anaanza na hodi, na sanduku limepangwa kwamba anayeanza na hodi hana maana, atupwe yeye na mzigo wake. Mahindi hayakuozeshwa na Bakili. Yameozeshwa na mpango uliotoka ofisini kwako."

Wa ukutani wakasogea karibu.

"Nani kakwambia hayo?" meneja aliuliza, na macho yake yakaenda mlangoni alikosimama Ravindra.

"Nimejaribu mwenyewe. Na pini nimehamisha mwenyewe, mbili, kwa mkono huu. Ukitaka kumtafuta mtu, usizungushe macho, nimesimama hapa."

Wafanyakazi wakaguna. Ndugu Tarsis hakuwa mjinga; aliona jahazi linakwenda mrama, akaligeuza upande mwingine. "Vizuri. Kumbe basi alikaidi waraka. Alitumia waya wa umma kwa soga, na soga hizo ndizo zilizotupa chakula cha wananchi." Akamgeukia mzee kwa mara ya kwanza. "Bakili. Ulikuwa unasalimiana kwenye mashine, au hukuwa?"

Mzee akakaa kimya.

"Bakili, unaulizwa."

Kimya. Hyasinta akasogea kwenye benchi. Alijua kwamba mzee akikaa hivyo kamati itaandika amekosa la kusema, na kazi itakwenda, na nyumba itakwenda. Akamwinamia: "Baba, mjibu." Mzee akampigapiga mkono taratibu kama mtu anayemtuliza mtoto.

"Mzee Bakili," Mama Severa alisema, "kuna kitu unasubiri?"

"Nasubiri aingie, mwanangu."

"Nani aingie?" meneja aliuliza. "Watu wote wamo."

"Wewe," mzee alisema, bila hasira hata chembe. "Umekuja, umeketi, umesema mengi. Lakini hujabisha hodi. Yaliyokuja bila hodi mimi hayanifikii, baba. Nayo nimeyatupa."

Kwanza walicheka wa ukutani, wakajizuia. Halafu wote wakamtazama meneja, hata wajumbe wa kamati, na hakuna aliyemsaidia. Mzee naye alitulia, mikono juu ya baraghashia, na angeweza kusubiri hivyo mpaka magharibi. Kazi yake, nyumba yake, yote yalikuwa juu ya meza ile, na aliyaacha yakae hapo. Hyasinta alimtazama akajua kwamba kelele zake zote yeye, na mdomo wake wote, havikufikia robo ya ujeuri wa mzee huyu aliyetulia.

Ndugu Tarsis alikuwa na mama Songea. Alikuwa na babu. Kuna mambo Ulaya hawayatoi kichwani mwa mtu hata wakimkalisha miaka kumi. Akatazama dirishani, na mwisho salamu ikatoka, nzito kama gunia lenye maji.

"Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

"Alhamdulillahi. Sasa nakusikia. Ndiyo, nilikuwa nasalimia. Maturubai niliyaomba, na nilisalimia. Nikirudishwa kazini nitaomba tena, na nitasalimia tena. Nisiporudishwa, nitawasalimia njiani nikienda zangu."

Kamati haikuchukua muda. Mama Severa aliuliza nani anaona mzee ana kosa, na hakunyanyuka mkono, hata wa meneja. Bakili akarudishwa kazini kwake, na ikaamuliwa pini za Mkalimani zibaki pale zilipo.

Lakini meneja ni meneja, na mambo ya uhamisho yalikuwa mkononi mwake, kamati haina kauli. Jumatatu alimwita Hyasinta. Safari hii alimpa kiti, nadhani ili akae vizuri apigwe.

"Unazipenda sana salamu za Nachingwea," alisema. "Utakwenda kuzipokea huko huko. Umehamishwa. Na wanaobaki hapa nimewaambia: sanduku likichapa salamu, lichape. Asijibu mtu. Atakayejibu atakufuata."

Ukimwambia mtu wa Kariakoo wa zama zile habari ya uhamisho wa namna hiyo, ni kama umemwambia msiba. Kuacha redio ya jirani, kuacha kahawa ya Msimbazi, kuacha chumba ulichokihangaikia. Mama Severa alitaka watu waweke zana chini. Hyasinta akamwambia hapana, watu wana watoto.

"Nitakwenda," alimwambia meneja. "Nitakwenda bila kuomba msamaha, na usitume mtu kunishauri niombe." Jioni alifunga godoro lake. Paskalina alikuja kumsaidia kubeba, akalia njia nzima, na Hyasinta akamkaripia kwamba amuache, yeye anakwenda kwa baba yake, hendi jela.

Asubuhi ya kwanza Nachingwea, Mzee Bakili alimpisha kiti. Ofisi yenyewe kibanda cha bati, kuku wanapita mlangoni. Hyasinta akaketi akapiga: "HODI DAR."

Mashine ikakaa kimya. Alijua ni Paskalina aliyekaa ng'ambo ya waya, na alijua amekatazwa nini. Akapiga mara ya pili. Kimya. Mzee Bakili hakusema neno, lakini wote wawili walijua desturi: hodi ni mara tatu, usipokaribishwa unageuza miguu yako.

Akapiga ya tatu, taratibu, herufi moja moja.

Muda ukapita. Hyasinta alikuwa ameshashika karatasi ili aisogeze mstari, aanze tu kazi kama wengine, wakati mashine ilipostuka na kuanza kugonga, kwa kusitasita, makosa mawili matatu yakifutwa kwa herufi za X.

"KARIBU NACHINGWEA. SHIKAMOO DADA. SHIKAMOO MZEE. BOSI KASIMAMA NYUMA YANGU ANASOMA. HABARI ZA HUKO."